Korti Iliniambia Mimi Si Mke

Wiki jana niliwaacha mlangoni pa korti ya Nakuru, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, maana kamba yake ilikatika nikikimbia kutoka landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Nimesikia wengine mlicheka. Chekeni tu, nawaruhusu. Leo hamtacheka sana.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa sukari kabla hajalisoma, nirudie kidogo. Mimi ni Achola, binti wa Alego. Mume wangu ni Obura, mtu wa reli. Yeye ndiye aliyesimama pale njia inapogawanyika ukitoka stesheni ya Nakuru, akivuta chuma ili treni ya Kisumu iende Kisumu na ya Uganda iende Uganda. Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na wazungu, ilikuwa imeingia mwaka wake wa pili. Askari walimkuta kazini mchana, koti la reli mwilini, wakamfunga pingu, wakasema ametoa maneno ya uchochezi juu ya wazungu. Kwa kosa hilo mtu alifungwa miaka, akarudi mtoto wake hamjui. Na mimi nilikuwa na Awino mgongoni, hajaota jino.

Mnamkumbuka pia Gathoni, mkunga wa Bondeni aliyempokea Awino kwa mikono yake. Na mnamkumbuka kaka yangu Omolo, nyapara wa genge la reli, aliyeniambia, "Dada, tulia. Kesi hiyo nitaimaliza mimi."

Alisema kweli. Aliimaliza.

Nilipoingia kortini nilimwona amekaa benchi la mbele na suti yake ya Jumapili, kofia magotini. Moyo wangu ukashuka mahali pake. Nikajisemea, yawa, ndugu ni ndugu. Nikavaa kiatu kile kibovu, nikaenda nikamgusa bega.

"Kaka, umekuja!"

"Kakae nyuma, Achola. Hapa ni pa mashahidi."

"Si ndiyo nashukuru? Utawaambia yale yalikuwa majigambo tu?"

Akaigeuza kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimelala humo.

"Nitawaambia ukweli," akasema.

Mjinga mimi, nikampiga bega tena kwa furaha, nikaenda kukaa nyuma.

Obura akaletwa. Loo, Mungu wangu! Yule mwanamume aliyekuwa akijaza mlango, sasa koti la reli lilimning'inia kama limetundikwa ukutani. Vifungo vya shaba bado viling'aa. Akanitafuta kwa macho, akaniona, akainua nyusi vile alivyokuwa akiniinulia akitoka kazini, maana yake, umepika nini? Nikalia hapo hapo bila hata kesi kuanza.

Inspekta wa polisi alisimama upande wa serikali. Hakimu alikuwa mzungu mzee mwenye mafua. Mkalimani aliitwa Kemboi, mtu wa taratibu, sauti ya chini, aliyefasiri maneno ya wote bila kumpendelea mtu. Wakili wa Obura hakuwako kwa sababu Obura hakuwa na wakili.

"Shahidi wa kwanza wa serikali," Inspekta akasema. "Omolo."

Nikadhani nimesikia vibaya. Lakini kaka yangu alikuwa ameshasimama, ameshika Biblia.

Ngoja. Kabla hajafungua mdomo wake, niwaambie mambo ya Jumapili ile, maana bila hayo hamtaelewa kilichoniua moyo.

Ilikuwa baada ya kanisa. Mzee mmoja wa karakana alikuwa amemaliza kazi yake ya reli na anarudi kwao, nasi tukamwandalia karamu ya kumuaga pale uwanjani mwa landhi. Tukaleta mpiga nyatiti. Sasa, Mjaluo akisikia nyuzi za nyatiti hawezi kunyamaza. Mtu anainuka, anatupa senti mbele ya mpigaji, anapaza sauti, "Simamisha!" Ngoma inasimama, watu wote kimya, naye anajigamba: mimi fulani, mwana wa fulani, mume wa fulani. Kwetu tunaita pakruok. Akimaliza, ngoma inaendelea mpaka mwingine aisimamishe.

Na kuna sheria yake. Ukiguswa, lazima ujibu, na jibu lazima lizidi. Mwenzako akisema ana ng'ombe wa kujaza bonde, wewe sema bonde lenyewe ni birika la ng'ombe wako. Hakuna anayeyabeba maneno hayo kwenda nayo nyumbani. Siku ile ile mzee tuliyekuwa tukimuaga alisema yeye hulalia kiboko kama mto wa kichwa, na hakuna aliyekwenda ziwani kumuuliza kiboko.

Sheria ya mwisho ni ya sisi wanawake. Mume akimaliza kujigamba, mkewe humpigia kigelegele. Majigambo yasiyopigiwa kigelegele hufa pale pale, na kila mtu hujua huyu hana mke.

Basi, Gathoni alikuwa amekaa mlangoni kwangu amempakata Awino ili mimi nigawe chakula. Siku hizo Wakikuyu walikuwa wakikamatwa kila mahali, wakipakiwa kwenye malori, wenye hatia na wasio nayo. Lakini Gathoni alikuwa wetu. Hakuna mtoto pale landhi ambaye hakupita mikononi mwake.

Omolo akatupa senti. Akasimamisha ngoma.

"Mimi Omolo, mwana wa Alego! Nyapara wa manyapara! Mji huu umejaa kupe, nami naanza kuwatoa. Kupe hawaombwi, huchomwa! Na nianze na huyu aliyekaa mlangoni kwa dada yangu!"

Hakuna aliyecheka. Kiboko tulimcheka, hili halikuwa la kucheka. Gathoni aliinamisha uso, akamfunika Awino masikio kwa viganja. Masikio ya mtoto, siyo yake.

Hapo Obura wangu akainuka. Akatupa senti, akanyoosha mkono wake wa kazi.

Maneno aliyosema mtayasikia hivi karibuni, maana yalisemwa mara mbili, na mara ya pili ndiyo hadithi ya leo. Kwa sasa jueni hivi: alijibu akazidisha, kama sheria inavyotaka, watu wakapiga makofi mpaka vumbi likapaa, nami nikampigia kigelegele ambacho nadhani kilisikika Njoro. Naungama mbele yenu nyote: nilifurahi. Nilimwangalia yule mwanamume nikasema, huyu ni wangu.

Wiki hiyo hiyo kibanda cha Gathoni pale Bondeni kilichomwa kwa mafuta ya taa. Waliochoma walikuwa vijana wa genge la Omolo, na majirani waliwaona. Gathoni akapakiwa kwenye lori na nguo alizovaa tu. Na kabla moshi haujaisha kunuka, askari wakaja kumkamata mtu wa maneno. Wakamkamata Obura.

Sasa turudi kortini.

"Nilimsikia kwa masikio yangu," Omolo alisema. "Alisema ataigeuza reli, treni ya wazungu itumbukie ziwani."

"Alisema akicheka?" Inspekta akauliza.

"Alisema kwa nguvu, Bwana."

"Na watu walifanya nini?"

"Walishangilia, Bwana. Sana."

Nikainuka. "Omolo! Waambie ulichosema wewe! Waambie!"

"Keti, mama!" Askari akanisukuma chini.

Hakimu akapenga kamasi, akamuuliza Obura kama ana swali kwa shahidi.

"Ninalo moja, Bwana," Obura akasema. Akamgeukia Omolo pole pole. "Shemeji, siku ile ulikula kuku wa nani?"

Omolo akamtazama Inspekta.

"Jibu swali," Kemboi akasema.

"Wako."

"Basi, sina swali jingine."

Watu wakaguna. Hata Kemboi alisafisha koo kabla hajafasiri. Lakini hakimu hakujua uchungu wa neno lile. Kwake kuku ni kuku.

Kisha Inspekta akatazama karatasi yake. "Shahidi wa pili. Mwanamke Achola."

Hapo nilikuwa nimejiandaa. Karani mmoja wa misheni alikuwa ameniambia, mama, usiogope, sheria ya wazungu haimlazimishi mke kusema dhidi ya mumewe. Nililikariri neno hilo siku nyingi nikifua, nikisonga ugali. Nikaenda mbele na Awino mgongoni, nikasimama wima.

"Mimi ni mke wake," nikasema. "Sheria yenu inasema mke hasemi juu ya mumewe. Kwaherini."

Nikageuka niondoke. Askari akanirudisha kwa mkono mmoja.

Inspekta hakukasirika. Hilo ndilo lilinitisha.

"Mlioana wapi?" akauliza.

"Kwetu Alego."

"Kanisani?"

"Nyumbani. Kanisani tulikuwa bado tunangoja zamu."

"Kwa Bwana DC?"

"DC aliniposa mimi?"

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza.

"Una cheti?"

"Wazee walikaa, ng'ombe walikuja, wengine sasa wamezaa. Nenda ukawaulize."

"Mwanamume huyu anaweza kuoa mke mwingine?"

"Anaweza. Lakini hajathubutu."

Walicheka tena, na nikaona Obura mwenyewe anatabasamu kule kizimbani, na kwa dakika moja nikadhani tunashinda. Jamani, kicheko kinadanganya.

Inspekta akamgeukia kaka yangu. "Omolo, hao ng'ombe alipokea nani?"

"Baba yetu alikuwa ameshakufa. Nilipokea mimi."

"Walikuwa ni bei ya huyu mwanamke?"

Nikamtazama Omolo. Yeye anajua. Kila mtoto kwetu anajua ng'ombe wa mahari si bei. Mbuzi ana bei, jembe lina bei. Ng'ombe walikuja kusema kwamba nyumba ya Obura na nyumba yetu sasa ni watu wamoja, kwamba nikifa Obura ndiye anizike, kwamba Awino ana kwao. Omolo mwenyewe alikuwa amewaongoza wale ng'ombe kuingia zizini, anaimba. Nilimwona kwa macho yangu.

"Ndiyo, Bwana," akasema. "Ni bei yake."

Sikulia. Kuna mahali machozi hayafiki.

Hakimu aliandika, akaandika, kisha akasema bila kuinua kichwa. Kemboi akanitazama kidogo kabla hajafasiri.

"Mama, korti inasema hivi. Kununua mwanamke kwa ng'ombe si ndoa ambayo sheria hii inaijua. Kwa hiyo wewe si mke wa mshtakiwa. Wewe ni shahidi kama mtu mwingine yeyote, na lazima ujibu. Ukikataa, utafungwa."

"Mimi si mke?"

"Ndivyo inavyosema."

"Na huyu niliyembeba mgongoni ni nini? Ni mzigo wa kuni?"

Hilo Kemboi hakulifasiri.

Nilimtazama Obura. Hakuwa akitabasamu tena. Alikuwa ameshika ubao wa kizimba kwa mikono miwili, na midomo yake inatetemeka kama ya mtoto aliyepigwa mbele ya wenzake. Pingu hazikuwa zimemvunja, chakula cha jela hakikuwa kimemvunja. Neno lile lilimvunja. Na miye mwenyewe, haki ya Mungu, nilijishika kidole cha pete nisiyo nayo.

Askari akaniambia nimshushe mtoto, niape nikiwa mikono mitupu. Omolo akainuka haraka, akanyoosha mikono.

"Nipe mimi, dada."

Nikampita kama napita nguzo. Benchi la nyuma alikuwako mama mmoja wa Njoro, Chepkemei, aliyekuja kwa kesi ya ng'ombe zake kuingia ngano ya mzungu. Hatukuwa tukijuana zaidi ya salamu ya asubuhi ile.

"Nishikie, mama," nikamwambia.

"Leta," akasema. Akamweka Awino begani, akaanza kumpapasa mgongo. Nikarudi nikashika Biblia.

"Ulikuwako Jumapili ile?" Inspekta akauliza.

"Nilikuwako. Nilipika."

"Ulisikia yaliyosemwa?"

Hapo ndipo nilipoona mwanya. Nikasema moyoni, Achola, wanataka ukweli? Wape wote.

"Nilisikia yote, Bwana, tangu neno la kwanza. Na la kwanza lilisemwa na huyu." Nikamwonyesha Omolo kwa kidole. "Alisema mji umejaa kupe, na kupe huchomwa. Akasema ataanza na Gathoni, aliyekuwa amekaa mlangoni kwangu na mtoto wangu mikononi. Na wiki hiyo hiyo nyumba ya Gathoni ikachomwa! Bwana Hakimu, maneno ya huyu yameteketeza nyumba ya mtu. Maneno ya Obura hayajageuza hata toroli. Nendeni mkaangalie reli, iko pale pale. Kama mnafunga watu kwa maneno, mbona mnaanza na yasiyomdhuru mtu?"

Kemboi alifasiri yote. Nilisikia sauti yake ikipanda kidogo, kama mtu anayepanda kilima. Omolo alikuwa amejikunyata.

Hakimu akauliza kitu.

"Anauliza, hayo maneno ya kupe yalimhusu nani?"

"Wakikuyu, Bwana. Jirani zetu."

Hakimu akamtazama Inspekta. Inspekta akasema maneno machache, akainua mabega. Hakimu akatikisa kichwa, akapenga kamasi.

Kemboi akanigeukia. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana, "Korti inasema, maneno ya Omolo hayako mbele yake leo. Na Inspekta anasema, kwa siku hizi za hatari, maneno kama hayo ni ya mtu mwaminifu kwa serikali."

"Mwaminifu?"

"Ndivyo, mama."

Msomaji wangu, wewe uliyewahi kuita watu wadudu ukiwa na glasi mkononi, ukasema nilikuwa natania tu, nataka ujue mahali nilipokuwa nimesimama siku ile. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo utani ulifungiwa pingu na chuki ikapewa kiti cha mbele.

Lakini msiba wangu ulikuwa bado.

Inspekta alinijia karibu, akitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Mama," akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila mkalimani, "unakumbuka vizuri sana. Neno kwa neno. Hongera. Sasa, kwa kumbukumbu hiyo hiyo, iambie korti Obura alijibu nini."

Yawa, yawa! Nikaona nilichofanya. Mlango niliofungua kumtoa Obura ndio walioingilia. Ningesema sikumbuki? Nimeshasema nakumbuka yote, na mkono wangu uko juu ya Biblia. Ningekataa? Jela, na Awino ananyonya. Ningesema? Basi ningekuwa mimi, kwa mdomo huu uliompigia kigelegele, ninayemfunga.

"Bwana, ile ni pakruok," nikasema. "Ni mchezo wa kujisifu. Mtu lazima azidishe. Bwana Kemboi, mweleze."

"Nimweleze vipi kwa Kiingereza, mama?" Kemboi akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nimejaribu tangu asubuhi."

"Jibu swali," Inspekta akasema.

Nikafungua mdomo. Ukatoka upepo tu.

"Jibu!"

"Alisema..." nikaanza. "Alisema yeye..."

"Simamisha!"

Korti nzima iligeuka. Obura alikuwa amejinyoosha kizimbani, mkono wake wa kazi juu, vile vile kama siku ile uwanjani. Mkono wa pili ulikuwa kifuani. Senti hakuwa nayo, nani angempa? Akashika kifungo cha shaba cha koti lake, akakivuta, uzi ukalia, akakitupa sakafuni mbele yangu. Kilizunguka, kikazunguka, kikalala.

"Mimi Obura!" akapaza sauti. Loo, ile sauti! Ilikuwa imerudi yote. "Mimi Obura, mwana wa Sakwa! Mimi niliyesimama njia panda ya reli! Nikinyoosha mkono, treni husimama, hata aliyemo awe gavana na kofia yake ya manyoya! Atakayemgusa jirani yangu Gathoni, nitavuta chuma, nitaigeuza reli, nitawatuma wazungu wote ziwani wakaoge na ndege wekundu mpaka nao wawe wekundu! Mimi mume wa Achola! Sikumnunua, niliposa! Mume wa Achola binti wa Alego, mama Awino! Nani mwingine ana mke kama huyu? Asimame nimwone!"

Alisema yote, kila neno. Alijifunga mwenyewe ili nisimfunge mimi.

Na niliona alichoongeza. Uwanjani alisema mume wa Achola mara moja. Kortini alilirudia, mbele ya yule hakimu, mbele ya Omolo, mbele ya sheria yao yote.

Askari walimshika mabega wakamkalisha. Kalamu ya hakimu ilikuwa inakimbia. Inspekta alikuwa amefunga faili lake, kazi imeisha. Kisha hakimu akasema kwa ukali, akiwatazama watu wote waliokaa, na Kemboi akasimama kufasiri.

"Korti inasema maneno hayo ni ya uchochezi, na yamesemwa mbele yake. Mtu yeyote humu ndani atakayeyashangilia, kwa makofi au kwa sauti, atashtakiwa kwa kosa hilo hilo. Mmesikia?"

Watu wakainamisha vichwa.

Obura alikuwa akinitazama. Hakuniomba chochote. Alipunga mkono chini, taratibu, kama anavyoiashiria treni ipunguze mwendo. Maana yake, usifanye, nyar Alego, binti wa Alego. Usifanye.

Lakini majigambo yake yalikuwa yamekaa pale hewani peke yake. Hakuna aliyeyapokea. Nilihesabu pumzi zangu, na kila pumzi niliyonyamaza ilikuwa inasema, huyu hana mke. Hakimu alishasema hivyo. Kaka yangu alishasema hivyo. Nilibaki mimi.

Nikaokota kile kifungo. Nikakifumba mkononi.

Nikapiga kigelegele.

Nilikipiga mpaka madirisha yakaitika. Nilikipiga mpaka Obura akaficha uso mikononi, mabega yake yakatikisika. Nilikipiga kwa ajili ya Gathoni aliyemfunika mtoto wangu masikio. Askari mmoja alinifunga mdomo kwa kiganja, nacho kikaendelea kutoka puani.

Hakimu alikuwa amesimama. Hakuhitaji kufasiriwa. Alininyooshea kalamu, akauonyesha mlango wa mahabusu.

Wakanishika mikono yote miwili. Nikasikia nyuma yangu Chepkemei anaita, "Mama! Mama wee! Na huyu mtoto nimpe nani?"

Nikageuka. Awino alikuwa ameamka, ananitafuta.

Kabla sijasema jina la mtu, kofia ilianguka sakafuni pale benchi la mbele. Omolo alikuwa ameshafika nyuma, mikono mbele.

"Mpe mimi," akamwambia yule mama kwa upole. "Mimi ndiye mjomba wake. Muulize mtu yeyote."

Chepkemei akanitazama mimi, akamtazama yeye. Nikafungua mdomo niseme hapana, hapana, huyo siye. Lakini sauti yangu yote nilikuwa nimempa Obura. Hakikutoka kitu.

Mlango ukafungwa. Upande wa pili nikamsikia Awino anaanza kulia, na sauti ya kaka yangu inamwimbia wimbo wetu wa Alego, ule aliokuwa akiniimbia mimi nikiwa mdogo.